Divai, Mvinyo na Pombe ya Ndizi

Siku moja darasani, hapa Mwanza, nalikuwa nikifundisha habari za arusi ya Kana. Mtoto mmoja mwenyeji wa Ukerewe akainua mkono akauliza, "Mwalimu, pombe ya ndizi anayoitengeneza babu yangu, nayo si divai?" Wenziwe wakacheka. Nami nikajibu upesi, "La, sivyo," nikaendelea na somo. Walakini usiku ule sikuridhika moyoni, maana nalikataa jambo nisiloweza kulieleza. Basi nalitafuta habari zake, na hizi ndizo nilizopata.

Kwanza tuyatazame majina. Mvinyo ni neno la Wareno, waliofika pwani yetu mwaka 1498. Wao husema vinho. Divai ni neno la Wafaransa, wasemao du vin. Zabibu ni neno la Waarabu, nalo kwao ni jina la tunda lililokaushwa; tunda bichi wana jina lake lingine. Yaonekana watu wa pwani waliizoea kwanza zabibu kavu iliyoletwa na majahazi, kisha wakalipa tunda bichi jina lile lile, na mti wake wakauita mzabibu.

Pili, kazi yenyewe. Zabibu hupondwa na kukamuliwa. Maji yake ni matamu, lakini yakiachwa huchachuka: hutoa povu, na utamu hugeuka kuwa kileo. Kitendacho kazi hiyo ni chachu, yaani vijidudu vidogo visivyoonekana kwa macho. Louis Pasteur wa Ufaransa ndiye aliyeyathibitisha hayo katika miaka ya 1850 na 1860. Uchafu mzito utuao chini huitwa mashapo. Tena divai ikiachwa wazi hewani huharibika ikawa siki.

Sasa tuje kwetu ziwani. Mapadre Weupe wa kwanza waliondoka Bagamoyo mwaka 1878, na mwaka 1883 wakaanza misheni ya Bukumbi, karibu na Mwanza. Sheria ya Kanisa lao yataka divai ya Misa iwe ya tunda la mzabibu tu, nayo isiwe imeharibika. Pande hizi mizabibu haikuwako, na reli haikufika Mwanza mpaka mwaka 1928. Basi fikiri, msomaji: siku zile vitu vya pwani vililetwa kwa vichwa vya wapagazi, safari ya miezi mingi, juani na mvuani. Ndizi zilikuwa tele mlangoni, lakini hazikufaa kwa kazi ile.

Je, wazee wetu hawakujua kazi ya kuchachusha? Waliijua sana. Ndizi zilivundikwa mpaka zikaiva, zikakamuliwa kwa majani, kisha maji yake yakatiwa unga wa nafaka iliyokaangwa, ili yachachuke. Watu wa Bukoba huiita pombe hiyo rubisi. Aniceti Kitereza wa Ukerewe, katika kitabu chake alichokimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945, kilichochapwa kwa Kiswahili mwaka 1980, asimulia habari za mume aliyetakiwa kuwapelekea wakwe zake pombe ya ndizi ili arudishiwe mkewe. Basi haikuwa kinywaji cha ulevi tu. Ilikuwa kifungo cha ujamaa.

Nalirudi darasani nikamwita yule mtoto mbele ya wenziwe. Nikamwambia, "Mwanangu, nalikujibu kwa haraka. Kazi ya babu yako na kazi ya mwenye mizabibu ni ndugu, maana zote mbili ni za kukamua na kuchachusha. Lakini tunda ni mbali, na kwa hiyo jina ni mbali." Kisha nikamwuliza jina la kila chombo na kila hatua ya kazi ya babu yake. Alijua mawili tu.

Hapo nikaona hasara yetu. Maneno ya Wareno na Wafaransa tumeyahifadhi vitabuni, na ya babu zetu yazikwa pamoja nao. Nikawapa watoto wote kazi ya kwenda kuwauliza wazee wao na kuyaandika. Nanyi, walimu wenzangu, fanyeni hivyo kabla wenye kuyajua hawajaondoka.