Doti: Vazi la Kiume Lililohamia Kwenye Khanga

Kwa miaka mingi chuoni niliwafundisha walimu wanafunzi kwamba neno "doti" limetokana na madoa ya ndege kanga. Maelezo yalinoga: ndege ana madoadoa, khanga za zamani zilikuwa na madoadoa, na Waingereza nao wana neno lao la nukta linalotamkwa karibu hivyohivyo. Nilichora hata ndege ubaoni. Nilikosea. Kwa kuwa baadhi ya wanafunzi wangu leo wanafundisha Kahama, Maswa na Geita, na bila shaka wengine bado wanamchora ndege yule, nadaiwa kusahihisha hadharani.

Doti ni vazi la mwanamume wa Kihindi. Kwao huitwa dhoti: kitambaa kisichoshonwa, kirefu cha yadi nne au tano, aghalabu cheupe, kinachozungushwa kiunoni, kikakunjwa marinda mbele, kisha ncha moja ikapitishwa katikati ya miguu na kuchomekwa nyuma. Hilo ndilo lilikuwa vazi la heshima la mfanyabiashara wa Gujarati na Kutch, akiliongezea koti refu na kilemba. Kutokushonwa kwake si umaskini wa mafundi. Kwa Wahindu wengi nguo isiyopitiwa na sindano ndiyo inayofaa ibada na sherehe.

Wapenzi wa matamshi watauliza: "dh" imekwenda wapi? "Dh" ya Kihindi si ile ya "dhahabu" na "dhamana". Ni "d" inayosindikizwa na pumzi nzito, sauti ambayo Kiswahili sanifu hakina, hivyo pumzi huanguka na "d" hubaki. Ushahidi uko jirani kabisa: mfua nguo wa Kihindi ni "dhobi", nasi twamwita dobi. Dhobi kwa dobi, dhoti kwa doti. Njia ni moja.

Jambo lililonishughulisha zaidi ni namna neno hilo lilivyofika huku kwetu bara, na kwa nini lilibadili maana njiani. Misafara ya karne ya 19 ilibeba nguo kama sisi tunavyobeba noti. Kipimo kidogo kilikuwa shuka, yadi mbili hivi. Shuka mbili zilifanya doti, yaani urefu unaomtosha mwanamume kujifunga kwa adabu. Richard Burton aliyaandika maneno haya katika kitabu chake cha 1860. Na mikopo ya misafara mingi ilitoka kwa matajiri wa Kihindi wa Zanzibar. Nyumba ya Jairam Sewji, Mhindu wa Kutch, ndiyo iliyokodi ushuru wa forodha kwa miaka mingi. Mwenye daftari ndiye mwenye kipimo, na kipimo hubeba jina analolijua yeye.

Julai 1858 John Hanning Speke alitoka Kaze, Tabora ya leo, akapita nchi ya Wasukuma kulitafuta ziwa. Pamoja naye alikuwa Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyetekwa utotoni, akauzwa utumwani India, akarudi na lugha ya huko. Speke hakujua Kiswahili cha kutosha, waliongea Kihindustani. Kwa hiyo katika mbuga hizi, miaka zaidi ya 160 iliyopita, Kihindi kilizungumzwa na Mwafrika wakati hongo ikipimwa kwa nguo. Nguo yenyewe mara nyingi ilikuwa merikani, iliyofumwa ng'ambo ya Atlantiki. Jina la vazi la Gujarati, pamba ya Marekani, mpokeaji mtemi wa huku: hapo tayari doti ilikuwa imevuliwa maana ya vazi na kubaki kipimo.

Khanga ilipoenea mwishoni mwa karne hiyo, wachuuzi na wabunifu wake wengi wakiwa Wahindi, kipimo kilikuwa kinasubiri. Pande mbili zilizochapwa pamoja, mnunuzi azikate na kuzipinda mwenyewe: kama shuka mbili zilivyokuwa doti, ndivyo khanga mbili. Maana ya "jozi" ikashinda, na ya "vazi la kiume" ikasahaulika.

Ikasahaulika kiasi cha kutuletea aibu ninayoikumbuka. Nilipokuwa mtoto Shinyanga, kulikuwa na mzee mmoja wa Kihindi mwenye duka ambaye siku za sikukuu yao alitoka amejifunga dhoti nyeupe pepepe, marinda yamenyooka. Sisi watoto tulimfuata nyuma tukiimba kwamba babu kavaa khanga ya bibi. Hakutukemea. Alisimama mara moja tu, akashika lile rinda, akasema: "Hii doti, mtoto. Doti." Tulicheka zaidi, tukidhani amekiri. Baada ya majengo kutaifishwa mwaka 1971 Wahindi wengi walianza kuondoka nchini, naye hatukumwona tena. Duka lilipofunguliwa lilikuwa la watu wengine. Tuna methali ya Banyani mbaya ambaye kiatu chake ni dawa. Methali imeshika kiatu chake. Nguo yake tumeivaa bila kumtaja.

Juzi nilikuwa mnadani Nyarugusu, Geita, miongoni mwa wachimbaji na wake zao. Binti muuza khanga aliniamkia, nikaitikia marahaba, nikamuuliza doti ni nini.

"Ni mbili, mwalimu. Ukikata moja, siyo doti tena."

Nikamwambia zamani lilikuwa vazi la mwanamume. Alinitazama, akatabasamu kwa adabu, akauliza kama namchukulia mama nyumbani au la. Nikamchukulia, moja, ya rangi ya bluu, na njiani nikawa najaribu kukumbuka sauti ya yule mzee akitamka ile "d" yenye pumzi.