Kiinua mgongo hudaiwa ukiwa bado mlangoni



Neno "kiinua mgongo" limejieleza lenyewe. Mtu kainama miaka na miaka akifanya kazi, siku akiambiwa basi, apewe kitu cha kumsaidia kunyoosha mgongo. Lakini katika nchi yetu wapo walionyoosha mgongo bila kupewa kitu, wakaenda kuinama upya kwenye viti vya mahakama. Leo nataka tuitazame historia yao, kwa sababu huku Nyanda za Juu Kusini barua za kupunguzwa kazini hazijaisha, na wengi wetu tunazipokea kama vile hakuna la kujadili.

Tuanze na mabasi ya Relwe. Wazee wa Mbeya na Iringa wanayakumbuka. Kabla TAZARA haijafika miaka ya 1970, Mbeya haikuwa na reli. Lakini Shirika la Reli la Afrika Mashariki lilikuwa na huduma ya barabara, mabasi na malori, iliyounganisha miji yetu na reli ya kati. Kwa hiyo dereva wa Iringa na fundi wa Mbeya walikuwa watumishi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki sawasawa na mwenzao wa Nairobi. Karani wa posta naye vilevile.

Jumuiya ile ilianza 1967, ikavunjika 1977. Mashirika yetu wenyewe yakazaliwa, TRC, ATC na mengine, yakachukua wafanyakazi wengi. Hapo ndipo mtego ulipotegwa. Mtu aliendelea kwenda kazini na mshahara uliendelea kuja. Mafao ya miaka aliyoitumikia Jumuiya yakawekwa kando, yakaachiwa wakubwa wayazungumze.

Wakubwa walizungumza miaka. Msuluhishi alikuwa Mswisi, Victor Umbricht, na mkataba ukatiwa saini Arusha Mei 1984. Mali zikagawanywa: Kenya asilimia 42, Tanzania 32, Uganda 26. Kila nchi ikakubali kubeba pensheni na mafao ya raia wake waliotumikia Jumuiya. Waliotia saini ni serikali tatu. Dereva wa Relwe hakuwepo mezani.

Utauliza, chama cha wafanyakazi kilikuwa wapi? Vyama huru vilifutwa 1964, ikaundwa NUTA, chama kimoja tu. Katibu Mkuu wake wa kwanza, Michael Kamaliza, ndiye aliyekuwa pia Waziri wa Kazi! Mwaka 1978 ikaja JUWATA, nayo ikawa jumuiya ya CCM. Anayekudai na anayekutetea walikuwa wanakaa nyumba moja.

Matokeo yake tunayajua. Mwaka 2003 wastaafu walikwenda Mahakama Kuu. Septemba 2005 wakafikia makubaliano na Serikali: wastaafu 31,831, na kiasi kilichotajwa na Serikali ni shilingi bilioni 117. Gawanya mwenyewe. Ni wastani wa kama Sh 3,675,000 kwa kila mtu, baada ya miaka 28. Wakati Jumuiya inavunjika dola moja ilikuwa kama shilingi 8. Mwaka 2005 ilikuwa imevuka shilingi 1,000. Hata baada ya hapo wapo waliosema hesabu haikukamilika, wakarudi mahakamani, na zaidi ya mara moja wazee wale walikaa barabarani Dar es Salaam kudai. Wengine walikufa wakisubiri, madai wakarithi watoto.

Mimi somo ninaloliona ni hili. Nguvu ya mfanyakazi ni kubwa kabla hajaondoka, wakati mwajiri bado anataka makabidhiano, anataka utulivu na anataka saini yake. Ukishatoka getini, unabaki na karatasi na mahakama.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 imelitambua jambo hilo. Mwajiri anayekusudia kupunguza watu anatakiwa atoe taarifa mapema na ashauriane na chama, au na wafanyakazi wenyewe kama hawana chama. Mambo ya kujadiliwa ni sababu za kupunguza, njia za kuepuka, namna ya kuchagua wa kuondoka, na malipo ya kiinua mgongo. Ndiyo, malipo nayo yamo. Wasipoelewana, suala linapelekwa kwenye usuluhishi katika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA.

Kwa nini kujadiliana ni lazima? Angalia kiwango cha sheria: mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, mwisho miaka 10. Aliyefanya kazi miaka 30 anahesabiwa siku 70 tu, kiasi kisichofika mishahara ya miezi 3. Na aliyefukuzwa kihalali kwa utovu wa nidhamu hapati hata hicho. Sheria imekupa sakafu. Kuta na paa ni maelewano yenu.

Fikirieni mahali kama Mgololo kule Mufindi. Kiwanda cha karatasi kilianza uzalishaji 1985, kikasimama miaka ya 1990, kikauzwa 2004. Mji umejengwa kuzunguka kiwanda. Sehemu kama ile, kazi ikiisha hata nyumba imekwisha. Ndiyo maana nauli na usafiri wa mizigo kurudi ulikoajiriwa, pamoja na posho ya kujikimu ukisubiri kusafirishwa, si fadhila. Vimo katika sheria.

Mwenzangu mmoja, mwandishi kama mimi, alipewa barua ya mistari michache yenye jumla moja chini. Gazeti silitaji. Hakugomba. Aliomba mchanganuo: mshahara wa siku alizofanya kazi, notisi, likizo ambazo hakwenda, kiinua mgongo, cheti cha utumishi. Kwenye likizo tu siku zake kadhaa zilikuwa hazijahesabiwa. Akaomba pia nyongeza ya mwezi mmoja, akapewa. Wenzake watatu waliosaini asubuhi ile ile hawakupata.

Kwa hiyo ndugu yangu wa Mwanjelwa, wa Makambako, wa Mafinga: omba mchanganuo kwa maandishi, omba muda wa kusoma, kaa na wenzako muongee kwa sauti moja. Ukiona umeachishwa isivyo haki, una siku 30 tu za kufika CMA. Wazee wa Relwe walihesabu miaka 28.