Meza Kavu na Meza ya Maji

Ndugu wahitimu wenzangu, nanyi vijana mlioko madarasani,

Tuliokuwa katika chama cha picha tunakikumbuka chumba cha giza kilichokuwa nyuma ya maabara. Usiku mmoja, nikiwa kidato cha tatu, nilishika karatasi mpya kwa vidole vilivyotoka kwenye beseni la dawa. Pakiti nzima, iliyowekwa kwa ajili ya mahafali ya kidato cha nne, ikaingia madoa. Kaka zetu waliondoka bila picha. Mpaka leo naona haya.

Nilipofika Chuo Kikuu ndipo nilipoisoma historia ya kazi ile. Mwaka 1842 mwanasayansi wa Uingereza, John Herschel, alivumbua njia ya kuchapa picha kwa chumvi za chuma badala ya fedha. Mwaka uliofuata bibi mmoja wa Kent, Anna Atkins, alianza kuitumia kutengeneza kitabu cha mwani wa baharini. Hadi 1853 alikuwa ametoa picha karibu 400 za aina mbalimbali, na kila nakala ilichapwa kwa mkono, pamoja na maandishi yake. Nakala zilizidi 10. Basi karatasi zilikuwa maelfu.

Aliwezaje? Kazi yenyewe hudai utaratibu. Kwanza, karatasi hupakwa dawa na kukaushwa gizani. Pili, mwani hulazwa juu yake, hukandamizwa kwa kioo, kisha huanikwa juani. Tatu, karatasi huoshwa kwa maji matupu: palipopigwa na jua hubaki buluu, palipofunikwa hubaki peupe. Tone la maji likiidondokea kabla ya wakati wake, huacha doa. Kwa hiyo pakavu na penye maji hutengwa, na kazi huenda mbele tu, hairudi nyuma.

Njia hiyo ndiyo iliyotumika baadaye kunakili michoro ya wahandisi. Nami katika utumishi serikalini nimeiona kanuni ileile: jalada lililoshughulikiwa likichanganywa na lisiloguswa, mwananchi hukosa haki yake.

Vijana, chumba chenye meza mbili, moja kavu na moja ya maji, kinatosha kuanzia. Siku ya mkutano wetu nitaleta dawa na vioo. Negativu ya mahafali yale ningali ninayo. Picha itakuwa ndogo kama negativu yenyewe, lakini kaka zetu wataipata. Safari hii nitakausha mikono kwanza.