Simu za Mkono na Mnunuzi wa Mvita

Msomaji, ukitaka kuijua biashara ya kisiwa cha Mombasa, usianze bandarini Kilindini. Anza Mtaa wa Biashara, kwenye maduka ya leso, hatua chache kutoka Mji wa Kale. Kwa zaidi ya miaka mia moja wafanyabiashara wa hapo wamekuwa wakiagiza nguo ng'ambo, na viwanda vya ng'ambo vimekuwa vikitii. Kaderdina Hajee Essak, ambaye leso zake zajulikana kwa alama ya “Mali ya Abdulla”, hutajwa kuwa ndiye aliyeanza kutia maneno ya Kiswahili katika leso, mwanzoni mwa karne ya 20. Viwanda vya Uingereza, Uholanzi, India na Japani vikachapa maneno ambayo wachapaji wenyewe hawakuweza kuyasoma. Je, nani alikuwa bwana hapo? Mwenye mtambo, au mwanamke wa Kibokoni aliyeikataa leso kwa kuwa jina lake halikumpendeza?

Nimetaja leso kwa makusudi, maana nataka tuitazame simu ya mkono kwa jicho hilohilo. Vijana hupenda kubishana juu ya simu: huyu asifu kamera, yule betri, wa tatu kioo. Ubishi huo hauna dhambi. Lakini mwenye kusoma historia ana swali lake: kwa nini kampuni iliyojaa mifukoni mwa watu mwaka 2005 ilikuwa imepokonywa soko kabla ya mwaka 2015, na kampuni ambayo hata haijazaliwa mwaka 2005 ikakalia kiti chake?

Simu ya mkono ya kwanza ilipigwa New York tarehe 3 Aprili 1973 na Martin Cooper, mhandisi wa kampuni ya Motorola. Chombo chake kilikuwa kizito kupita kilo moja. Nchini Kenya huduma ya namna hii ilifika mwaka 1993, na bei ya chombo ilikuwa yapata shilingi 250,000, fedha ambazo mwalimu wa shule ya msingi angezifanyia kazi miaka kadhaa bila kula wala kulipa kodi ya nyumba. Kwa bei hiyo hapakuwa na mashindano ya kusimulia. Mashindano yalianza mwaka 2000, Vodafone ya Uingereza ilipochukua sehemu ya asilimia 40 katika Safaricom, na Kencell ikaingia uwanjani mwaka huohuo. Laini zilipopata bei ya kununulika, watu walitaka vyombo, na watengenezaji wakaja: Motorola wa Marekani, Siemens wa Ujerumani, Ericsson wa Sweden, Alcatel wa Ufaransa, na Nokia wa Finland.

Nokia ilianza mwaka 1865 kama kinu cha karatasi, kisha ikaingia katika mpira na nyaya. (Samsung ya Korea nayo, iliyoanza mwaka 1938, iliuza miongoni mwa vitu vingine samaki wakavu, watu wa pwani tunaojua ng'onda hatuna sababu ya kuidharau asili hiyo.) Mwaka 2003 Nokia ilitoa simu iliyoitwa 1100. Haikuwa na kamera wala rangi katika kioo chake. Vitufe vyake vilifunikwa kwa mpira mmoja usio na nafasi, vumbi lisipite. Ubavu wake ulikwaruzwa ili usiteleze katika mkono wenye jasho. Na kichwani ilikuwa na taa. Taa hiyo ndogo ndiyo iliyoshinda vita. Stima hupotea, na vichochoro vya Mji wa Kale ni vyembamba na vya giza. Anayerudi kutoka msikitini baada ya sala ya Isha, au mama anayeshuka ngazi za nyumba ya ghorofa, alipata kurunzi na simu kwa bei moja. Wakenya wakaziita simu za namna hiyo “mulika mwizi”. Kote duniani zaidi ya simu milioni 250 za 1100 ziliuzwa.

Linganisha na Motorola. Kampuni hiyo nayo iliwaza juu ya maskini. Mwaka 2006 ilitoa simu iliyoitwa Motofone, nyembamba, nyepesi, yenye betri ya kudumu na kioo kilichosomeka vizuri juani. Kwa hesabu ya wahandisi, ilikuwa kazi ya kusifiwa. Lakini kioo kile kilionyesha mistari miwili mifupi tu ya herufi kubwa kubwa, na chombo kilimwongoza mwenyewe kwa sauti, kana kwamba kila maskini hajui kusoma. Mnunuzi wetu alijua kusoma. Tena aliandika kuliko alivyosema, kwa sababu ujumbe mfupi ulikuwa rahisi kuliko maongezi. Mwezi Machi 2007 Safaricom ikaanzisha M-Pesa, na fedha zikaanza kusafiri kwa ujumbe. Mtu alihitaji kuona kiasi alichopokea, jina la aliyempelekea, na salio lake. Mimi naona hapo ndipo tofauti ya watengenezaji hawa wawili ilipo: mmoja aliuliza mnunuzi anaishi vipi, mwingine alikisia mnunuzi hawezi nini.

Tena M-Pesa ilifanya jambo jingine ambalo wengi hulisahau. Kwa kuwa ilitumia kadi ya laini, haikudai simu ya ghali. Mulika mwizi ilipokea fedha sawasawa na simu ya tajiri, na kwa ajili hiyo simu ndogo ikaishi maisha marefu hapa.

Sasa tazama jinsi Nokia yenyewe ilivyopitwa. Mwaka 2008 kampuni za laini nchini zikawa nne, baada ya Orange na Yu kuingia. Kupiga ndani ya mtandao mmoja kulikuwa rahisi, kupiga nje kulikuwa ghali. Basi watu wakanunua laini mbili au tatu, na kila mara walifungua mgongo wa simu, wakatoa betri, wakabadilisha kadi. Haja hii ilionekana na kila mwenye macho. Aliyeijibu kwa simu ya kadi mbili ni Tecno, kampuni iliyoundwa Hong Kong mwaka 2006, ambayo mwaka 2008 iliamua kuelekeza nguvu zake Afrika. Nokia ilichelewa kuleta simu za kadi mbili. Hakuna aliyeingoja. Tecno iliongeza vituo vyake vya matengenezo, na baadaye kamera zilizopimwa kwa ngozi nyeusi. Kamera nyingine zilikuwa zimepimwa kwa nyuso za weupe, hata mtu wetu akipigwa picha usiku hutokea kivuli chenye meno.

Pwani iliwahi kuona jambo la namna hii. Katika karne ya 19 nguo ya pamba kutoka Massachusetts ilienea hata ikaitwa merikani. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vya mwaka 1861 hadi 1865, vilipokatiza pamba, viwanda vya Uingereza na Bombay vikaingia mahali pake. Merikani likabaki jina, soko likawa la wengine. Jina la Nokia nalo limebaki: biashara yake ya simu iliuzwa kwa Microsoft mwaka 2014, na tangu mwaka 2016 kampuni nyingine ya Finland, HMD, imetengeneza simu kwa jina hilo.

Pigo kubwa zaidi lilitoka kwa simu janja. iPhone ilitokea mwaka 2007, simu za Android zikafuata mwaka 2008. Mwaka 2009 nyaya za intaneti za chini ya bahari zilifika Mombasa, TEAMS kutoka Fujairah kisha SEACOM, na mwaka 2011 Safaricom ikauza simu ya Huawei iitwayo Ideos kwa bei ambayo karani aliweza kuifikiria. Mwaka 2012 Samsung ikaipita Nokia kwa mauzo duniani.

Lakini usidhani mnunuzi alishinda siku zote. Katikati ya mashindano hayo ziliingia simu bandia, nyingine zikiwa na jina la kampuni kubwa lililobadilishwa herufi moja. Zilikuwa na kadi mbili, redio, sauti ya kusikika mtaa wa pili, na bei ya chini. Kwa kweli zilijibu haja za watu kabla ya kampuni zenye majina. Mwisho wa Septemba 2012 tume ya mawasiliano ya Kenya iliamuru zizimwe. Watu wakabonyeza *#06# kuitazama namba ya chombo, wajue kama simu zao ni halali, na zaidi ya simu milioni 1 zikanyamaza. Serikali ilikuwa na hoja: simu zisizo na namba halali ni vigumu kuzifuatilia, na wahalifu walilijua hilo. Walakini aliyenunua dukani, mchana kweupe, alibaki na kipande cha plastiki. Muuzaji hakulazimishwa kumrudishia fedha. Mwaka uliofuata kodi ya asilimia 16, iliyoondolewa juu ya simu mwaka 2009, ikarudishwa. Kwa mtu wa kipato kidogo mambo hayo mawili yalikuwa jambo moja.

Ndiyo maana fundi wa simu ana heshima katika kisiwa hiki. Hewa ya bahari huingia ndani ya chombo na kuacha kutu ya kijani juu ya sahani ya mitambo. Fundi huisugua kwa brashi na dawa, huyeyusha lihamu, na simu hufufuka. Ukitaka kulinganisha watengenezaji, muulize yeye. Atakuambia ipi inafunguka kwa bisibisi na ipi imegandishwa kwa gundi, betri ipi hutolewa kwa ukucha na ipi haitoki bila moto. Simu za siku hizi zinazidi kuwa za gundi.

Njia ya kununua nayo imegeuka. Tangu mwaka 2020 Safaricom imeuza simu janja kwa malipo ya kila siku, yaliyoanzia shilingi 20, na kampuni nyingine hufanya vivyo hivyo. Mwaka 2023 kiwanda cha kuunganisha simu kilifunguliwa Athi River, nje kidogo ya Nairobi, ili bei ishuke. Kukopesha bidhaa si jambo geni Mombasa. Wenye maduka wa zamani walikuwa na daftari zao. Lakini leso ya mkopo haikuweza kujivua mwilini mwa aliyechelewa kulipa. Simu hii hujifunga yenyewe, popote ilipo, hata mfukoni mwa mwenyewe, na hufunguka deni linapolipwa; na tayari wapo mafundi wanaoombwa kuifungua kwa siri.