Kamongo, Damu na Barabara ya Arusha

Usiku ule shemeji alijifungua hapa Babati, damu ikagoma kukata. Chupa za damu zilizopatikana hazikutosha, tukaambiwa Arusha. Ni kama kilomita 170. Nilikaa nyuma ya gari nikihesabu pumzi zake na kujiuliza swali la kijinga: kwa nini mwili usilale kidogo, ungoje?

Kumbe swali si la kijinga, na historia yake inapita hukuhuku kwetu.

Mwaka 1928 Mmarekani Homer W. Smith, bingwa wa figo, alifika Kisumu kumtafuta kamongo, yule samaki mwenye mapafu. Kamongo akizungukwa na matope yanayokauka hujikunja humo, hupunguza matumizi ya hewa, na hukaa miezi mingi bila kula. Mwaka 1932 Smith akatoa kitabu, na jina aliloweka kwenye jalada ni hilihili, Kamongo. Ni mazungumzo melini kati ya mwanasayansi na kasisi kuhusu maana ya uhai. Sisi wapenda vitabu tumelipita hili kimyakimya.

Aliyeligeuza kuwa swali la tiba ni Henry Swan wa Denver, daktari aliyekuwa akipoza wagonjwa ili afungue moyo. Mwaka 1968 yeye na wenzake waliandika kwamba dondoo la ubongo wa kamongo aliyelala, likidungwa kwa panya, lilipunguza kasi ya mwili wake.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Damu hubeba oksijeni. Mwili ukihitaji oksijeni kidogo, damu chache iliyobaki itavuta muda. Mwaka 2008 timu ya Mark Roth wa Seattle iliwapa panya waliomwagika damu nyingi gesi ya salfidi ya hidrojeni, ile inayonuka yai viza, na wengi zaidi wakaishi. Lakini kondoo waliopewa gesi hiyo hawakupunguza kasi ya mwili. Mtu naye si panya.

Kwa hiyo Babati bado tunategemea vya kawaida: dawa ya kugandisha damu, gari lenye mafuta, na mtu aliyekubali kutoa damu wiki iliyopita bila kujua itamwendea nani.

Shemeji alifika. Mtoto sasa yuko darasa la pili. Mimi kila nikipita sokoni kwenye samaki, namkumbuka kamongo na ule usingizi wake. Halafu naenda kutoa damu.