Msimulizi, Mtangazaji na Mwenye Shughuli: Kazi ya Geoff Keighley katika Historia ya Michezo ya Video

Kiswahili hutenga kazi tatu ambazo kwa mtazamo wa haraka zaweza kudhaniwa kuwa moja. Msimulizi ni mtu aelezaye jambo lililokwisha kutukia, na heshima yake hutegemea ukweli wa maelezo yake. Mtangazaji ni mtu alifanyaye jambo litangae, na heshima yake hutegemea umbali ifikapo sauti yake. Mwenye shughuli ni mtu aalikaye, atayarishaye mahali, abebaye gharama na aamuaye nani aketi mbele na nani aketi nyuma. Katika harusi za pwani kazi hizi aghalabu hushikwa na watu mbalimbali, na mshereheshaji aliyepewa kipaza sauti hathubutu kuibadili orodha ya waalikwa. Insha hii yaeleza jinsi kazi zote tatu zilivyokutana mikononi mwa mtu mmoja katika muda wa miaka 30, na yale yaliyopatikana na kupotea kwa kukutana huko.

Mtu huyo ni Geoff Keighley, aliyezaliwa Kanada katika mwaka wa 1978. Wazazi wake, David na Patricia Keighley, walikuwa wataalamu wa filamu za IMAX, zile zionyeshwazo katika kiwambo kikubwa mno; hivyo alikulia karibu na kazi ya kutengeneza picha. Mwezi wa Novemba 1994, alipokuwa kijana wa miaka 16, kituo cha televisheni cha TBS cha Marekani kilionyesha sherehe iliyoitwa Cybermania '94, ambayo huhesabiwa kuwa miongoni mwa sherehe za mwanzo kabisa za tuzo za michezo ya video kuonyeshwa katika televisheni ya nchi ile. Walioongoza sherehe walikuwa waigizaji Leslie Nielsen na Jonathan Taylor Thomas. Keighley hakuonekana na watazamaji; kazi yake ilikuwa kusaidia kuandika maneno ya kusemwa na watu mashuhuri walioitwa jukwaani. Mpango huo waonyesha hali ya michezo ya video wakati ule. Waliopewa jukwaa walikuwa watu wa sinema na televisheni, na kijana aliyeijua michezo yenyewe alikuwa nyuma ya pazia.

Hatua ya kwanza ya kazi yake hasa ilikuwa ya usimulizi. Alipokuwa akisoma katika Chuo Kikuu cha Southern California, mjini Los Angeles, alianza kuandika habari za michezo ya kompyuta, na tovuti ya GameSpot ilichapisha makala zake ndefu juu ya namna michezo mashuhuri ilivyotengenezwa. Nyingi kati ya hizo zilijulikana kwa jina la The Final Hours, yaani saa za mwisho kabla mchezo haujatolewa kwa wanunuzi. Iliyopata sifa kubwa ilihusu Half-Life, mchezo wa kwanza wa kampuni ya Valve, uliotolewa Novemba 1998. Makala hiyo ilieleza jinsi mchezo ulivyokuwa umekaribia kukamilika katika mwaka wa 1997, na jinsi watengenezaji walivyoona kwamba haufurahishi, wakaamua kuurudia karibu wote, ijapokuwa kuurudia kulitaka mwaka mwingine wa kazi na gharama.

Thamani ya maandishi hayo si haba. Waandishi wengi wa magazeti ya michezo katika miaka ile walikuwa na desturi ya kuupima mchezo uliokamilika na kuupa alama, kama mwalimu asahihishaye mtihani. Keighley aliuliza swali jingine: mchezo huu ulitoka wapi, nani alibishana na nani, na kipi kilitupwa? Kwa njia hiyo mchezo wa video ulipata jambo ambalo vitabu na filamu zilikuwa nalo tangu zamani, yaani historia ya kutungwa kwake. Aliandika pia juu ya Daikatana, mchezo uliotolewa mwaka 2000 baada ya kucheleweshwa sana na ambao haukufaulu. Kwa hiyo haiwezi kusemwa kwamba alisimulia ushindi tu.

Walakini usimulizi wa namna hiyo una sharti lake. Ili msimulizi aingie katika chumba cha kazi, hapana budi mwenye chumba afungue mlango, na afunguaye mlango aweza kuufunga. Ukaribu ulioyapa maandishi ya Keighley uzito wake ndio uliokuja kutiliwa shaka baadaye, kazi yake ilipobadilika.

Badiliko hilo lilikuja kwa televisheni. Tangu mwaka 2005 alionekana katika kituo cha Spike akiongoza kipindi cha Game Head, na baadaye GameTrailers TV. Kituo hicho kilikuwa pia na sherehe yake ya tuzo za michezo ya video, iliyoanza mwaka 2003, na Keighley alishiriki katika kuitayarisha. Hapo ndipo msimulizi alipogeuka kuwa mtangazaji. Makala ya The Final Hours ilihusu mchezo uliokwisha kukamilika. Kipindi cha televisheni kilihusu mchezo ujao. Makala ilihitaji miezi ya kuuliza na kulinganisha majibu; kipindi kilihitaji filamu fupi ambayo hakuna aliyekuwa ameiona. Kampuni zilitaka bidhaa zao zitangae, na watazamaji walitaka kuwa wa kwanza kujua. La mgambo likilia lina jambo, na watazamaji hao walikusanyika kwa hamu ya jambo lenyewe kuliko kwa mapenzi ya mlizaji.

Oktoba 2012 iliijua vizuri hali hii. Katika siku zile picha moja ilienea sana, ikimwonyesha Keighley ameketi akihojiwa juu ya mchezo wa Halo 4, huku upande mmoja pana bango la mchezo huo, na upande wa pili mezani pana chupa ya kinywaji cha Mountain Dew na mifuko ya Doritos. Mwandishi Robert Florence aliitaja picha hiyo katika safu yake kwenye tovuti ya Eurogamer, akauliza kama waandishi wa michezo walikuwa wamesahau mpaka ulio baina yao na wauzaji. Sehemu ya safu hiyo iliondolewa baadaye kwa sababu ya lalamiko la mtu mwingine aliyetajwa ndani yake, na Florence akaacha kuiandika. Mjadala ulioanzia hapo ulienea mbali, na picha ile ikawa ishara yake.

Si haki kuifanya picha moja kuwa hukumu ya maisha ya mtu. Mkono mtupu haulambwi, na hakuna kipindi cha televisheni cha biashara kinachoendeshwa pasipo fedha za matangazo. Lililowashangaza watu ni kwamba aliyeketi pale alikuwa msimulizi wao wa The Final Hours. Mtangazaji aliyelipiwa meza yake na muuzaji si ajabu. Msimulizi katika meza hiyohiyo ni jambo la kuuliza. Maneno mawili ambayo lugha huyatenga yalikuwa yameingia katika kiti kimoja.

Hatua ya tatu ilianza kwa kushindwa. Desemba 2013 kituo cha Spike kiliibadili sherehe yake, kikaiita VGX, na kuionyesha kwa njia ya intaneti, Keighley akiongoza pamoja na mchekeshaji Joel McHale. Mchekeshaji aliifanyia michezo na wageni mzaha, watazamaji wakachukizwa, na hiyo ikawa sherehe ya mwisho ya tuzo za Spike. Ni kama hali ya mwaka 1994 iliyorudi: jukwaa la michezo likiwa mikononi mwa mtu aliyeitwa kutoka mahali pengine. Keighley aliachana na kituo hicho, akatia fedha zake mwenyewe, akapata uungaji mkono wa Sony, Microsoft na Nintendo, na tarehe 5 Desemba 2014, mjini Las Vegas, akafungua sherehe mpya iliyoitwa The Game Awards. Hakuiuza kwa kituo kimoja cha televisheni, bali aliipeleka bure kwenye intaneti kwa njia nyingi kwa pamoja. Tangu siku hiyo alikuwa mwenye shughuli.

Uwezo wa mwenye shughuli ulionekana upesi. Desemba 2015 mtungaji wa michezo wa Kijapani Hideo Kojima hakufika kupokea tuzo ya mchezo wake Metal Gear Solid V. Keighley alisimama jukwaani, akawaambia watu waziwazi kwamba Kojima alitaka kuja, lakini mwanasheria wa kampuni ya Konami alikuwa amemzuia. Ukumbi ulizomea. Mtangazaji aliyeajiriwa huenda asingethubutu kusema hivyo juu ya kampuni kubwa. Mwenye jukwaa alithubutu. Mwaka uliofuata Kojima alifika, akapokea tuzo ya heshima. Kwa hiyo kumiliki jukwaa kuliweza kuwa ngao ya ukweli, na jambo hilo lazima liwekwe katika mizani pamoja na yale yatakayofuata.

Wakati huohuo mamlaka ya zamani yalikuwa yakidhoofika. Maonyesho ya E3, yaliyoanza Los Angeles mwaka 1995 chini ya chama cha kampuni za michezo, yalikuwa kwa muda mrefu soko kuu la habari mpya. Keighley aliyahudhuria kwa miaka 25, na Februari 2020 akatangaza kwamba hatashiriki tena. Mwezi uliofuata maonyesho ya mwaka huo yalifutwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona, na Mei 2020 yeye akaanzisha Summer Game Fest. Chama kilijaribu kuyafufua maonyesho yake bila kufanikiwa, na Desemba 2023 kilitangaza kwamba E3 imekwisha kabisa. Kazi iliyokuwa ya chama ikawa kwa sehemu kubwa ya mtu mmoja. Kwa hesabu za waandaaji, The Game Awards ilitazamwa mara milioni 1.9 katika mwaka wa 2014, milioni 26 katika 2018, milioni 103 katika 2022, na milioni 154 katika 2024. Mwaka 2024 jarida la Esquire liliripoti kwamba dakika moja ya kuonyesha mchezo katika Summer Game Fest iliuzwa kwa dola 250,000.

Bei hiyo yaeleza yaliyotokea tarehe 7 Desemba 2023. Katika sherehe ya usiku ule washindi walipewa muda mfupi mno wa kusema, na skrini iliyowaelekea iliwataka wamalize. Swen Vincke, kiongozi wa kampuni ya Larian, alipokuwa akipokea tuzo kuu kwa mchezo wa Baldur's Gate 3, alimtaja mwenzao aliyefariki dunia wakati wa kazi, na huku muda ukimbana. Mwaka ule maelfu ya wafanyakazi wa michezo ya video walikuwa wamepoteza kazi, na wengi walilalamika kwamba jukwaa halikusema neno juu yao. Filamu za michezo ijayo zilipata nafasi ya kutosha. Watengenezaji wa michezo iliyokwisha kushinda walihesabiwa sekunde.

Hapa kazi tatu zilionekana kugombana waziwazi. Msimulizi angalitaka kumsikiliza Vincke mpaka mwisho, kwa maana maneno yake ndiyo yaliyokuwa habari ya namna mchezo ulivyotengenezwa. Mtangazaji alitaka filamu inayofuata. Mwenye shughuli alikuwa na gharama za kulipa na saa ya kufunga. Katika harusi msimulizi aliyekatizwa aweza kumlalamikia mwenye shughuli. Lakini wote watatu wakiwa mtu mmoja, ni nani atakayelalamika, na kwa nani? Lawama ilibidi itoke nje, kwa watazamaji na wafanyakazi wenyewe.

Haikukosa jibu. Katika sherehe ya Desemba 2024 washindi waliachiwa muda zaidi, upunguzaji wa wafanyakazi ulitajwa jukwaani, na tuzo mpya ilitolewa kwa Amir Satvat, aliyejitolea kuwasaidia waliopoteza kazi kupata nyingine. Wala msimulizi wa zamani hakuwa amekufa. Mwaka 2020, katika kiangazi kilekile cha Summer Game Fest ya kwanza, Keighley alitoa Final Hours ya mchezo wa Half-Life: Alyx, akieleza michezo ambayo Valve iliianza na kuitupa katika miaka iliyopita bila umma kujua. Yalikuwa maelezo ya kushindwa kwa kampuni kubwa, yaliyotolewa kwa ridhaa yake, na hakuna filamu ya matangazo ambayo ingeweza kuyabeba.

Historia hii yafaa kupimwa pasipo chuki wala sifa za bure. Keighley aliutoa mchezo wa video katika mikono ya wageni walioufanyia mzaha, akaujengea ukumbi ambao watengenezaji wake waweza kuitwa kwa majina yao. Hiyo ni faida kubwa. Hasara ni kwamba ukumbi huo haukuachiwa mtu aliye huru nao. Mwanahistoria wa baadaye atakayezikusanya filamu zilizoonyeshwa katika jukwaa hilo atajua kampuni ziliahidi nini. Atakayesoma makala ya Half-Life atajua watu walifanya nini, kwa nini walikosea, na jinsi walivyojirekebisha. Mtu yuleyule aliziacha hazina zote mbili, illa ya pili ilihitaji mwandishi mmoja, milango iliyofunguliwa na miezi ya subira, wala haikuhitaji ukumbi.