Jina la Kaa Koko

Mtu amchukuaye kaa koko mkononi, baada ya kumfunga magando kwa kamba, akampindua chali, ataona tumboni pake bamba lililokunjwa, jembamba kwa dume na pana kwa jike. Nalo ni mkia wake, na kwa ajili ya mkia huo ndipo Mfaransa Latreille, mwaka 1802, alipowaita kaa wa kweli wote kwa jina la Kiyunani, Brakiura, yaani wenye mkia mfupi.

Kabla yake mambo yalikuwa yamechanganyika, kwa kuwa Linnaeus, katika kitabu chake cha mwaka 1758, aliwatia kaa na kamba katika jenasi moja, Cancer, tena akawahesabu miongoni mwa wadudu. Mwanafunzi wake, Peter Forskål, mzaliwa wa Helsinki, aliondoka mwaka 1761 na msafara wa mfalme wa Denmark kwenda Arabuni, akakusanya viumbe wa Bahari ya Sham kwa bidii kubwa, kisha homa ya malaria ikamuua huko Yemen mwaka 1763, naye hajawa na umri wa miaka 32. Wenziwe nao wakafa mmoja baada ya mwingine, asisalimike ila Carsten Niebuhr, ambaye kwa uaminifu unaostahili kukumbukwa aliyapiga chapa maandishi ya marehemu mwaka 1775. Na humo ndimo kaa koko alimopewa jina la serratus, mwenye meno kama msumeno, kwa sifa ya ukingo wa gamba lake. Mtaalamu De Haan akamhamishia katika jenasi ya Scylla mwaka 1833, na serratus ikawa serrata.

Juu ya jina hilo wataalamu walihitilafiana muda mrefu. Estampador wa Ufilipino, mwaka 1949, alisema kaa koko ni wa namna kadhaa, jambo ambalo wavuvi wa kwao walikwisha kulitambua kwa macho. Stephenson na Campbell wa Australia, mwaka 1960, wakalikataa, wakashika kwamba ni spishi moja tu. Hukumu ilitoka mwaka 1998, Keenan na wenziwe walipolinganisha maumbile na chembe za urithi, wakathibitisha spishi 4, na wakachagua kaa mmoja wa Bahari ya Sham awe shahidi wa jina alilolitoa Forskål.

Kaa walio hai tunaweza kuwapindua ili kuwatambua. Waliogeuka mawe ni taabu. Bibi Danièle Guinot wa Paris, mwaka 1977, aliwapanga kaa kwa mahali pa matundu yao ya uzazi, ambayo yako upande wa chini, na mara nyingi mwamba hauhifadhi ila gamba la mgongoni. Hata hivyo gamba nalo lina habari zake: katika miamba ya bonde la Rukwa, Tanzania, alipatikana kaa wa maji matamu wa miaka ipatayo milioni 25, akaitwa Tanzanonautes mwaka 2007.

Orodha ya mwaka 2008 ilihesabu spishi na nususpishi 6,793 za kaa walio hai. Nawe msomaji, ukifika sokoni, mtazame kaa koko baina ya macho: ukiona miiba 4 mirefu iliyochongoka, basi huyo ndiye serrata wa Forskål, na ndiye aishiye katika mikoko ya pwani yetu.